Seoul: jiji lililoweka bei kwenye mfuko wa taka

Tarehe 1 Januari 1995, Korea Kusini ilianza kutekeleza nchi nzima utaratibu ambao mwanzoni wengi waliuona kuwa kero tupu. Taka za nyumbani hazikuzolewa tena ila zikiwa ndani ya mfuko rasmi uliouzwa madukani, uliochapwa jina la wilaya iliyoutoa, na bei ya mfuko huo ndiyo iliyokuwa ada ya uzoaji. Chupa, makopo, karatasi na vyuma chakavu, vikitenganishwa na kuwekwa mahali pake, vilichukuliwa bure. Kabla ya siku hiyo ada ya taka ilikokotolewa kwa kodi ya jengo au ukubwa wa nyumba, hivyo familia iliyotoa ndoo moja kwa wiki na iliyotoa ndoo kumi zililipa sawasawa iwapo nyumba zao zililingana, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kujihesabia anachotupa.

Seoul, iliyokuwa wakati huo na wakazi zaidi ya milioni 10, hutajwa sana kama mfano wa jiji lililofaulu katika urejelezaji. Sifa hiyo, kwa maoni yangu, mara nyingi huelekezwa pasipostahili: husemwa kwamba Wakorea ni watu wa nidhamu, wakaambiwa watenganishe taka, wakatenganisha. Ukiufuatilia mlolongo wa matukio unakuta kwamba jiji halikuanza na nidhamu. Lilianza na ukosefu wa mahali pa kumwaga taka, likaweka bei, likaweka faini, na kila hatua iliyofuata ilisukumwa na majirani wa dampo waliochoka kuvumilia uvundo wa watu wengine.

Dampo lenyewe kwa miaka mingi lilikuwa Nanjido, kisiwa kilichokuwa katika Mto Han, upande wa magharibi wa jiji, ambako zamani wakulima walilima karanga. Kati ya mwaka 1978 na 1993 jiji lilimwaga pale takriban mita za ujazo milioni 92 za taka, bila utando wa chini wala mabomba ya kukusanya maji machafu yanayochuruzika, hadi yakasimama vilima viwili vyenye urefu wa karibu mita 100 kila kimoja. Gesi ya methani iliwaka yenyewe chini ya lundo na moshi ulifuka mfululizo. Maelfu ya waokotaji waliishi pembeni mwa dampo na familia zao, na kazi ilikuwa na ngazi zake: waliokuwa wa kwanza kulifikia lori linapomwaga walikuwa wameilipia haki hiyo, na waliobaki nyuma walipekua kilichosazwa na wenzao. Kwa hiyo si kweli kwamba Seoul haikuwa na urejelezaji kabla ya 1995. Ulikuwapo, ukifanywa na maskini katika mazingira ya hatari na bila mshahara wa jiji, kama unavyofanywa leo katika madampo ya Dandora, Nairobi, na Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam.

Nanjido ilipojaa, taka zilihamishiwa Sudokwon, dampo kubwa lililofunguliwa mwaka 1992 katika ardhi iliyofukiwa pwani ya Incheon, likiwa limejengwa kwa kufuata taratibu za kisasa na kupokea taka za Seoul, za Incheon yenyewe na za mkoa wa Gyeonggi. Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Tangu siku hiyo mji mkuu ulizika taka zake nje ya mipaka yake, katika eneo la mji mwingine wenye meya wake, wapiga kura wake na malalamiko yake, na kila lori lililotoka Seoul lilikuwa ni ombi kwa jirani ambaye siku yoyote angeweza kukataa.

Mfuko wa 1995 ulikuwa jibu la kwanza. Matokeo yake yalionekana haraka kuliko ilivyotarajiwa: kwa nchi nzima, taka za majumbani zilishuka kutoka takriban kilo 1.3 kwa mtu kwa siku mwaka 1994 hadi karibu kilo 1 ndani ya miaka michache, huku vitu vilivyotenganishwa kwa ajili ya kurejelezwa vikiongezeka. Takwimu hizi zinahitaji tahadhari moja ambayo wasifiaji wa mfumo huwa hawaitaji. Hadi miaka ya 1980, nyumba nyingi za Korea zilipashwa joto kwa matofali ya makaa ya mawe, na majivu yake yalikuwa sehemu kubwa ya uzito wa taka. Nyumba zilipohamia kwenye gesi, uzito huo ulianza kupungua wenyewe kabla hata mfuko haujachapwa. Hata hivyo, mporomoko wa mwaka 1995 wenyewe ulikuwa wa ghafla mno kuelezwa kwa majivu peke yake, na wachambuzi wengi wanakubaliana kwamba bei ilifanya kazi yake.

Inafaa kuutazama mfuko huo kwa karibu, kwa sababu siri ya mfumo imo katika mambo madogo. Kila wilaya, na Seoul leo inazo 25, huchapisha mifuko yake, na mfuko wa wilaya moja kwa kawaida haukubaliwi katika wilaya nyingine. Upo mdogo wa lita chache kwa mtu anayeishi peke yake na upo mkubwa wa duka au karakana. Ule wa lita 20, unaotumiwa sana majumbani, umekuwa ukiuzwa kwa takriban won 490, fedha ambazo hazifiki nusu dola ya Marekani. Bei hiyo ni ndogo kiasi kwamba haimfilisi mtu, na bado inatosha kumfanya mnunuzi aukandamize mfuko mpaka tone la mwisho la nafasi. Tabia hiyo ya kushindilia ilizaa tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria mezani: mifuko ya lita 100 ilijazwa kupita kiasi, ikaongezewa kimo kwa utepe wa gundi, na wazoaji walioinyanyua usiku kucha wakaumia migongo na mabega. Wilaya kadhaa zimeacha kuichapisha na kubakiza ya lita 75 kama mkubwa kuliko yote. Watu wengi hawalijui jambo hili, nami naliona kuwa na uzito kuliko asilimia nyingi zinazotolewa kwenye mikutano, kwani linaonyesha ni mwili wa nani uliobeba uwekevu wa wengine.

Udanganyifu ulikuwapo tangu mwanzo. Wapo waliopeleka taka za nyumbani ofisini, waliozitupa usiku kwenye kona ya mtaa, na waliozijaza kwenye mapipa ya barabarani, hata jiji likalazimika kuyaondoa mapipa mengi na kuwaacha wapita njia wakitembea na kikombe kitupu mkononi. Sheria iliweka faini inayoweza kufika won milioni 1, raia wanaotoa taarifa wakaahidiwa zawadi, na maofisa wa wilaya wakazoea kufungua mifuko isiyo rasmi ili kutafuta risiti au bahasha yenye anwani ya mwenye taka. Mtu anaweza kuchukizwa na upekuzi wa namna hiyo. Lakini bila huo, bei ya mfuko ingekuwa adhabu kwa mwaminifu pekee.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, karatasi na chupa zikiwa zimeanza kuwa na njia yake, kilichobaki ndani ya mfuko kilikuwa zaidi ni mabaki ya chakula. Mlo wa Kikorea huandaliwa kwa bakuli nyingi ndogo za mboga na vitoweo, pamoja na supu, na mikahawani vitoweo hivyo huongezwa bila malipo, hivyo kinachosalia mezani ni kingi na takriban asilimia 80 yake ni maji. Kikizikwa ubaya wake hauishi: huoza bila hewa, hutoa methani na harufu, na maji yake hushuka chini ya dampo yakiwa machafu kuliko ya choo. Wakazi wa jirani na Sudokwon walilipinga jambo hili kwa nguvu katika miaka hiyo, wakitaka malori yenye taka za majimaji yazuiwe, na shinikizo lao likaingia katika sheria: kuanzia 1 Januari 2005 mabaki ya chakula kutoka mijini yalipigwa marufuku kuzikwa moja kwa moja.

Marufuku pekee isingetosha. Kilichofanya ifuatwe ni kwamba mabaki hayo nayo yalipewa bei, ingawa ilichukua miaka minane. Mwaka 2013 malipo kwa kiasi yalienea nchi nzima kwa njia tatu: mfuko maalumu wa chakula, stika au kipande cha plastiki kinachopachikwa kwenye ndoo, na pipa lenye mizani ya kielektroniki. La tatu ndilo linalopigwa picha na wageni. Mkazi wa ghorofa hushuka na ndoo yake, hugusisha kadi, kifuniko hufunguka, humwaga, na kioo kidogo humwonyesha gramu alizotupa na gharama yake, ambayo huingia kwenye ankara ya mwezi ya jengo. Bei ya Seoul imekuwa karibu won 130 kwa kilo, fedha ambazo hata mwanafunzi hazimsumbui. Walakini mtu anapouona uzito ukiandikwa mbele yake, hujifunza kuchuja: kichungio huwekwa kwenye sinki, maji hukamuliwa kabla ya kushuka, na kwa kuwa maji ndiyo sehemu kubwa ya uzito, tendo hilo moja jikoni hupunguza mzigo wa lori, wa mtambo na wa jirani wa dampo kwa pamoja.

Sheria ya nini ni chakula na nini si chakula ilileta mabishano yake. Kipimo cha jumla ni kama mnyama angeweza kukila: mifupa, makombe ya chaza, maganda ya mayai, kokwa ngumu za matunda na maganda makavu ya vitunguu hurudi kwenye mfuko wa kawaida. Mgeni aliyehamia Seoul hukosea hapa kuliko mahali pengine popote, na hata wenyeji huulizana.

Yote hayo yamewezesha Korea Kusini kutangaza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mabaki yake ya chakula hurejelezwa, ikilinganishwa na kiasi kidogo mno katikati ya miaka ya 1990. Idadi hiyo ni ya kweli kwa jinsi inavyohesabiwa, ila inahesabu kinachoingia mlangoni mwa mtambo, wala haisemi kwamba vyote vimegeuka kuwa kitu chenye manufaa. Taka hizo zikikamuliwa, kiasi kikubwa hutoka kama maji ya kuoza, na kwa miaka mingi maji hayo yalipakiwa kwenye meli na kumwagwa baharini, mpaka jambo hilo lilipositishwa mwaka 2013 kutokana na masharti ya mkataba wa kimataifa wa kuzuia utupaji wa taka baharini. Kwa hiyo kati ya 2005 na 2012 sehemu ya kile kilichoitwa urejelezaji ilikuwa ni kuhamisha dampo kutoka nchi kavu kwenda kwenye maji. Kinachobaki baada ya kukamuliwa hugeuzwa mboji, chakula cha mifugo au bayogesi, na kila njia ina ugumu wake: chumvi ya mapishi ya Kikorea huwafanya wakulima wasite kuitumia mboji hiyo, na homa ya nguruwe ya Afrika ilipoingia nchini mwaka 2019, ulishaji wa nguruwe kwa mabaki ya chakula ulibanwa. Njia ya gesi ndiyo inayoonekana kuwa na mustakabali zaidi, na wilaya ya Dongdaemun ilijenga mtambo wa aina hiyo chini ya ardhi ili harufu isiwafikie majirani.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki sehemu hii ya kisa ndiyo ya kuidurusu. Katika miji yetu taka za kuoza ni nyingi kuliko aina nyingine zote, na sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka tayari inadai zitenganishwe na zisizooza. Hata hivyo kampeni nyingi huelekea kwenye chupa za plastiki, ambazo tayari zina mnunuzi na mwokotaji, ilhali maganda ya ndizi na mabaki ya sokoni, yanayojaza lori na kulegeza lundo, hayana mwenyewe. Lundo la Kiteezi jijini Kampala lilipoporomoka Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30, lilikuwa limepokea taka za kila aina zikiwa zimechanganyika kwa karibu miongo mitatu.

Upande wa plastiki na karatasi, Seoul ilipata somo lake mwaka 2018. Katika mfumo wa jiji hilo, nyumba za kawaida huhudumiwa na wilaya, lakini majengo makubwa ya fleti huwa na mikataba na kampuni binafsi ambazo hununua taka rejelezi na kuzipeleka viwandani. China ilipofunga milango kwa plastiki chakavu za kigeni kuanzia Januari 2018, bei iliporomoka, na mwanzoni mwa Aprili kampuni nyingi zikatangaza kwamba hazitachukua tena mifuko laini ya plastiki. Kwa siku kadhaa mifuko hiyo ilirundikana kwenye viwanja vya maegesho huku wakazi wakiwa wametenganisha kila kitu kama walivyofundishwa. Ilidhihirika kwamba kutenganisha ni nusu ya safari tu, na kwamba mnunuzi akikosekana, kilichotenganishwa kwa uangalifu kinarudi kuwa taka.

Serikali safari hii iligeukia wazalishaji na wauzaji. Mwezi Agosti mwaka huohuo vikombe vya plastiki vilipigwa marufuku kwa wateja wanaoketi ndani ya mikahawa, mwaka 2019 maduka makubwa yakazuiwa kutoa mifuko ya plastiki ya kutumika mara moja, na mwishoni mwa mwaka huo chupa za plastiki za vinywaji zenye rangi zikakatazwa kwa sababu huharibu ubora wa malighafi. Desemba 2020 majengo ya fleti yalitakiwa kuziweka chupa angavu peke yake, zikiwa zimebanduliwa lebo. Kabla ya hapo, mwaka 2017, amana ya chupa ya kioo ya soju, pombe kali ya Kikorea, ilikuwa imepandishwa kutoka won 40 hadi 100. Ongezeko hilo lilimrudisha dukani mnywaji aliyekuwa akiiacha chupa mlangoni.

Hatua hizi zote hazikuumaliza mgogoro na Incheon. Dampo la Sudokwon lilikuwa lifungwe mwaka 2016; mwaka 2015 wakuu wa Seoul, Incheon na Gyeonggi pamoja na Wizara ya Mazingira walikubaliana kuongeza muda, kwa masharti ambayo Incheon haijaacha kuyakumbusha. Kuanzia 2020 kila serikali ya mtaa iliwekewa kikomo cha tani za kupeleka kwa mwaka, na zilizokizidi, Seoul ikiwamo, zikaadhibiwa. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba kuanzia Januari 2026 taka za majumbani za eneo la mji mkuu hazitazikwa moja kwa moja. Zitakazoruhusiwa kuzikwa ni majivu na masalia ya yale yaliyokwisha kuchambuliwa au kuchomwa.

Tangazo hilo lilifichua hesabu ambayo mafanikio ya urejelezaji yalikuwa yameifunika. Ukiondoa chakula, chupa na karatasi, ndani ya mfuko hubaki nepi, karatasi za chooni, plastiki zilizopakaa mafuta, vitambaa na vumbi la nyumba, na vitu hivyo havina mnunuzi popote. Seoul ina matanuri manne ya kuchomea taka, yaliyoko Yangcheon, Nowon, Gangnam na Mapo, yenye uwezo ulioidhinishwa wa tani 2,850 kwa siku, na bado takriban tani 1,000 kila siku zilikuwa zikienda Sudokwon. Jiji likapanga tanuri jipya la tani 1,000 kwa siku pale Sangam, wilayani Mapo, palepale ambapo tanuri la zamani lipo. Wakazi wakakataa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: wao ndio waliovumilia dampo la Nanjido kwa miaka 15, kisha tanuri la kwanza, na sasa wanaongezewa la pili. Walikwenda mahakamani, na Januari 2025 Mahakama ya Utawala ya Seoul ikawapa ushindi dhidi ya uamuzi wa kuchagua eneo hilo.

Wapo wanaosema upinzani huo ni ubinafsi wa wenyeji. Sidhani. Mfumo mzima wa Seoul ulijengwa juu ya wazo kwamba anayetoa taka ndiye alipe, na wazo hilo limetekelezwa kwa uaminifu mkubwa kwa mtu mmoja mmoja, mpaka kwenye gramu za wali uliobaki. Kati ya wilaya na wilaya halijatekelezwa. Wilaya tajiri yenye maduka na ofisi hutoa mfuko wake, hulipa bei ileile ya won 490, na mfuko hupanda lori kwenda kuchomwa au kuzikwa kwa mwingine, bila mizani yoyote ya kielektroniki kupima moshi na msongamano wa malori anaoupokea huyo mwingine. Tarehe ya marufuku ilipokaribia bila tanuri jipya kuwapo, wilaya zilianza kutafuta mikataba na viwanda binafsi vya kuchomea, vingine vikiwa mbali nje ya jiji, na wakazi wa maeneo hayo nao wakaanza kuuliza kwa nini wao.

Njia zilizobaki za kupunguza mzigo huo zinajulikana: kuongeza mitambo ya kuchambua mifuko kabla haijachomwa, ambayo huokoa kiasi fulani cha plastiki iliyofichika ndani; kupandisha bei ya mfuko, jambo ambalo wanasiasa wa wilaya huliogopa kwa sababu mfuko ni kitu ambacho kila mpiga kura hununua; na kuwabana watengenezaji wa vifungashio vya chakula kinachopelekwa majumbani, biashara iliyopaa sana tangu 2020 na inayomwachia mteja mmoja vyombo vinne au vitano vyenye mafuta kwa mlo mmoja. Hii ya mwisho ndiyo iliyosogea polepole kuliko zote.